Suti Moja ya Marehemu Wote

Usiku wa jana niliota nina hasira kabla hata ndoto yenyewe haijaanza. Ilipofika ilinikuta nimeshanuna, nimekaa mbele ya kompyuta ya studio, na Fundi Hyera yuko nyuma yangu anafundisha kwa sauti ile ile ya mchana, ila amevaa taulo na hakuna anayeshangaa.

"Leya," akasema, "ni vioo. Kioo juu ya kioo. Kila kioo kina kitu chake. Cha juu kinafunika cha chini, na ukikigusa cha juu, cha chini hakina habari. Umenipata, Kresensia?"

"Nimekupata, Fundi."

"Haya, ingia ndani."

Niseme kwanza hasira zilikotoka, nisije nikaonekana mtu wa kununa bure. Mimi najifunza kuhariri picha katika studio moja hapa Mbinga. Jana mchana Shangazi Otilia, dada wa marehemu baba yangu, alikuja studio na picha ya karatasi. Baba na mama wamesimama nje ya kanisa siku ya kipaimara cha mtoto wa Shangazi, mimi hata sijazaliwa. Baba anacheka. Hakuna picha nyingine ambamo anacheka, na misa yake ya arobaini ni Jumamosi, kwa hiyo ilitakiwa picha kubwa ya kuweka mbele kanisani na nyingine ya kuchapa kwenye fulana.

"Huyu mwanamke mtoe," Shangazi akasema, kidole kimekaa juu ya uso wa mama yangu. "Kaka yangu mvalishe suti."

Hakusema "mama yako". Alisema "huyu mwanamke", huku ananitazama mimi niliyechukua pua ile ile. Shangazi anasema mama alimtupa baba. Mama, ambaye yuko hai na anauza vitenge Songea, anasema alifukuzwa na mawifi. Baba hakuwahi kusema lolote, alitengeneza baiskeli za watu mpaka akafa. Kwenye msiba walimkalisha mama huko nyuma kwa wapishi, akapepeta mchele wa matanga ya mtu aliyemzalia.

Na mimi nikamtoa. Fundi Hyera alisema ni zoezi zuri kwa mtu anayeanza leya. Shangazi akaondoka na nakala ndogo ili wazee wa ukoo waione asubuhi, na wakiipitisha ndiyo ichapwe kubwa. Nililala nimeuma meno.

Basi, nikaingia ndani ya kompyuta. Kulikuwa na jengo la ghorofa, kila sakafu kioo. Mlangoni chini kabisa, kufuli kubwa kunizidi lilikuwa limekaa kwenye kiti cha mlinzi, linakunywa chai.

"Leya ya chini imefungwa," likasema.

"Imefungwa na nani?"

"Inakuja hivyo hivyo. Picha yoyote ikizaliwa, leya yake ya chini imefungwa."

"Baba yangu yuko humo."

"Wengi wana baba humo," likasema, likapuliza chai.

Nikaliuliza linafunguliwaje. Likasema linagongwa mara mbili, kwa adabu. Nikaligonga mara mbili bila adabu yoyote. Likapiga chafya, chai ikamwagika, mlango ukafunguka.

Ndani ni nje ya kanisa. Halafu, bila taarifa, ni chumba cha kusubiri cha studio, na marehemu wamepanga foleni mpaka barabarani. Wengi wao ni vichwa na mabega tu. Chini ya kifua hawana kitu, wanaelea, kwa sababu picha zao zilitolewa kwenye vitambulisho, na kitambulisho hakina miguu.

Wanagombea suti. Studio yetu ina suti moja tu, nyeusi, yenye tai nyekundu, na kila mwanamume anayefariki hapa mjini tunamvalisha hiyo hiyo ndani ya kompyuta. Waliokuwa walimu wanaivaa, waliokuwa wachoma mkaa wanaivaa. Mchana huwa sioni ubaya. Humo ndani nauona.

"Nipisheni, mimi nina misa kesho," anasema mzee mmoja mwenye masharubu.

"Wewe umeing'ang'ania tangu Pasaka," anamjibu mwenzake. "Vua. Watu wangu wameshachapa fulana."

"Mimi mke wangu hakunijua nilipoivaa," anasema wa tatu. "Aliuliza, huyu mkurugenzi ni nani?"

Suti yenyewe imetundikwa kwenye msumari, inahema.

"Nimekwenda misiba ya mji mzima," inaniambia. "Tai hii haijawahi kufunguliwa. Chini ya kifungo cha pili nimekatwa, sina chochote. Kuna mtu hata mmoja amewahi kuniuliza naendeleaje?"

"Unaendeleaje?"

"Vibaya. Na yule wa baiskeli usinivalishe. Nimemwangalia. Hasimami yule."

Yule wa baiskeli ni baba. Yuko mwisho wa foleni, mzima kuanzia kichwa mpaka viatu, kwa kuwa yeye katoka kwenye picha ya karatasi. Wenzake wanaitazama miguu yake kwa wivu. Mama amesimama kando yake, kijana, amevaa gauni la maua, mkono mmoja umeshika kiwiko cha baba kama pichani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," anasema, na anacheka, maana hana uso mwingine. "Hiyo suti ni ya nani?"

"Ya kila mtu."

"Siitaki. Nitashikaje mnyororo wa baiskeli na tai?"

"Mwanangu, umekula?" anauliza mama.

Sijamjibu, Shangazi Otilia anaingia. Amevaa kitenge cha sare ya msiba na amekumbatia mkoba wake. Marehemu wote wanampisha. Anafungua mkoba, na ndani yake kinatoka kifutio, kinene, cha rangi ya waridi, kinalamba midomo.

"Niwe mkubwa au mdogo?" kinaniuliza. "Laini au mgumu?"

"Mkubwa," anasema Shangazi. "Mgumu. Kresensia, futa."

Mkono wangu unakwenda. Nauambia usiende, unaniambia umetumwa na mtu mzima. Nina hasira na mkono wangu mwenyewe, lakini unaendelea, na unaanzia kwenye miguu ya mama. Kinapopita kifutio panabaki miraba ya kijivu na nyeupe, kama ubao wa drafti. Hiyo ndiyo alama ya kompyuta kwamba hapo hapana kitu.

"Sweta niliyokutumia inakutosha?" anauliza mama, na visigino vyake vimeshakwenda.

"Inanitosha, mama."

"Mbinga baridi." Magoti yanakwenda. "Usilale na nywele mbichi."

"Mama, mwambie Shangazi aache!"

"Nimwambie nikiwa nani kwake?" anasema mama, kwa upole kabisa, na kiuno kinakwenda.

Upole ule uliniuma kuliko kufutwa kwenyewe. Nilitaka apige kelele, atukane, amshike Shangazi kilemba. Hakufanya hivyo msibani na hakufanya hivyo ndotoni. Kifutio kikapanda kifuani, kikala gauni la maua, kikafika kwenye bega, kikala mkono.

Baba akaanguka.

Alianguka kifudifudi kwenye miraba, puu, huku anacheka.

"Mnyooshe," akasema Shangazi.

Nikamwinua, nikamwegemeza kwenye ukuta wa kanisa, ambao ulikuwa umerudi. Akaanguka. Nikamwegemeza kwenye mashine ya kuchapia. Akaanguka na mashine.

"Nilisema," ikasema suti msumarini.

"Rudi nyuma!" Shangazi anafoka, na humo ndani hiyo ni amri ya kompyuta, kwa hiyo miguu yangu inaanza kutembea kinyumenyume. Kila nikirudi hatua moja, kilichofanyika kinafutika. Bega la mama linatoka kwenye kifutio, gauni linatoka, na maneno yanarudi mdomoni mwake yakiwa yamegeuzwa: "Mbichi nywele na usilale. Baridi Mbinga." Baba anainuka kutoka sakafuni mwenyewe, wima.

"Mbele!"

Naenda mbele. Mama anakwisha. Baba anaanguka.

"Nyuma!"

Nyuma. Baba anasimama.

"Mbele!"

Anaanguka. Marehemu wanageuza vichwa huku na huku kama wanatazama mpira. Yule mwenye masharubu anaanza kushangilia kila baba anaposimama. Visigino vyangu vinawaka moto, na Shangazi hachoki, anaamini kuna siku kaka yake atasimama peke yake akiamriwa vya kutosha.

"Basi!" nikasema.

Sijawahi kumwambia Shangazi Otilia basi. Hata marehemu waliacha kuelea.

"Basi, Shangazi! Ukimtoa huyu, huyu anaanguka. Huoni, au hutaki kuona?"

"Unanipandishia sauti mimi?"

"Nakupandishia!"

"Mimi niliyempa baba yako ada?"

"Wewe wewe!"

Hapo baba, ambaye wakati huo alikuwa amesimama na mama yuko kamili, akakohoa kama mtu anayetaka kusema. Shangazi akamwona. Ukutani kulikuwa na kitasa kidogo, na ukikizungusha kushoto mtu anafifia. Shangazi alikifikia kwa hatua moja.

"Marehemu hawaongei," akasema, akakizungusha.

Baba akafifia mpaka akawa mwepesi kama chai ya majani yaliyorudiwa. Sauti yake ikabaki ndogo, na tukaanza kuona vilivyo nyuma yake. Tukaona matofali ya kanisa kupitia kifua chake. Tukaona baiskeli iliyoegeshwa. Na kupitia tumbo lake tukaona mkono wa pili wa mama.

Mkono wa kwanza kila mtu anaujua, uko pichani, umeshika kiwiko. Huu wa pili ulikuwa nyuma ya baba, mahali ambapo picha haifiki. Ulikuwa umekamata mkanda wa suruali yake. Ulikuwa umeukamata kwa ngumi, na ngumi ilikaza mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe.

Kifutio kilirudi kwenye mkoba chenyewe.

"Hicho ni nini?" akauliza Shangazi.

"Nilitoroka hospitali alfajiri ile," baba akasema kwa kasauti kake. "Miguu haikuwa yangu. Sikutaka kukosa kipaimara cha mtoto wako, Otilia. Skolastika huyu hapa akaniambia, wewe cheka tu, mimi nakushika."

Ningetakiwa kulia hapo. Sikulia, nilipandwa na hasira mpya, kubwa kuliko zote nilizoingia nazo, na hizi zilikuwa za baba.

"Na ukanyamaza!" nikamwambia. "Miaka yote hiyo! Wanasema alikutupa, wewe unaziba pancha! Wamemkalisha kwa wapishi, baba! Kwenye msiba wako!"

"Nilikuwa leya ya chini," akasema. "Imefungwa."

"Inagongwa mara mbili inafunguka! Mimi nimeigonga leo, sina hata mwezi tangu nianze kujifunza!"

Alicheka, kwa kuwa hakuwa na uso mwingine. Nilimrushia baba yangu kofi, Mungu anisamehe, na mkono ukapita katikati yake ukatokea upande wa pili. Mama akaudaka kwa mkono wake mwingine.

"Mwache," akasema. "Ukimsukuma, nitaanza upya kumshika."

Shangazi alikuwa anautazama ule mkanda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeagiza chumvi mezani, "Unganisha zote."

Sauti ya Fundi Hyera ikatoka kwenye spika za kanisa. "Tangazo. Leya zikiunganishwa zinakuwa moja. Kitakachokuwa juu kitaonekana, kitakachokuwa chini kitapotea, na hakuna kurudi nyuma. Taulo langu limeonekana wapi? Asanteni."

Sakafu za vioo zikaanza kushuka. Ghorofa ya juu ikalia, ikaja chini taratibu, na ya pili yake ikafuata. Marehemu wote wakairukia suti kwa pamoja, na wote wakaenea, vichwa vimetokeza kwenye kola kama maua kwenye chupa. Suti ilisema kitu nisichoweza kukiandika.

Nikambeba mama mgongoni, nikakimbilia ngazi. Alikuwa mzito wa kweli, uzito wa mtu aliye hai. Na mkanda hakuuachia, kwa hiyo baba alikuja naye, anaburutwa kwa nyuma, visigino vinagonga kila ngazi. Kufuli lilikuwa limehamia ghorofani na chai mpya.

"Una kibali cha kumpandisha huyo?" likauliza.

"Fungua, au leo nakugonga mpaka chai ikutoke puani."

Likafungua. Nyuma yetu Shangazi alikuwa anapanda, mkoba kwapani, anahema.

"Kresensia! Nishushie huyo mwanamke!"

"Ana jina!"

"Nishushie huyo Skolastika!"

Nikafika juu kabisa, pasipo na paa, panapobaki weupe mtupu wa karatasi. Vioo vilikuwa vinakuja kutoka chini na kutoka juu. Nikapiga magoti nimteremshe mama.

"Nitue taratibu," akasema. "Nimeshika mtu."

Nikamtua taratibu. Halafu vyote vikakutana. Nilibanwa nikawa bapa, mkoba wa Shangazi umenikandamiza sikio, na ndani ya mkoba kitu kilikuwa kinaita.

Ilikuwa simu yangu, chini ya mto. Kumekucha. Nilikuwa nimelala chali, mikono imenyooka, nimenyooka kama karatasi. Aliyepiga alikuwa Shangazi Otilia.

"Kresensia, hii picha uliitengenezaje?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona kaka yangu amelala upande?"

Nikakaa kitandani. Jana baba alikuwa wima. Nilimpimia mstari mwenyewe, na Fundi Hyera akakagua akasema safi.

"Amelala vipi?" nikauliza.

"Ameinama. Suti imenyooka, yeye ndani ya suti ameinama. Wazee wameizungusha hii picha kila upande, baba yako mdogo amepindisha shingo mpaka imeuma. Jana nimeitoa hapo hakuwa hivi. Ameegemea kushoto, na hapo kushoto hapana kitu. Nenda studio sasa hivi ukamnyooshe kabla hawajachapa."

"Hanyooki, Shangazi."

"Hanyooki ndiyo nini?"

Ningeweza kusema nitajaribu. Ndivyo tunavyowajibu wakubwa. Lakini visigino vyangu vilikuwa bado vinawaka.

"Siku ile ya kipaimara baba alitoroka hospitali," nikasema. "Alikuwa hawezi kusimama. Mama alimshika mkanda kwa nyuma. Jana umeniambia nimtoe aliyemshika, nikamtoa. Sasa unataka asimame na nini?"

Nilisikia vikombe, na mzee mmoja akiuliza nani anapiga simu wakati wa kikao. Nilisikia Shangazi akitoka nje, mlango ukifungwa, na kuku.

"Habari za hospitali nani kakwambia?" akauliza. Ukali ulikuwepo, ila ulikuwa umekosa pa kukaa. "Ile habari nilikuwa naijua mimi peke yangu. Mimi ndiye niliyempelekea uji usiku wa kuamkia siku ile. Asubuhi namwona kanisani, kasimama, anacheka." Akavuta pumzi. "Siku zote najiuliza alisimamaje."

Sikumwonea huruma bado.

"Nitumie namba ya mama yako," akasema. "Na usinijibu."

Akakata. Nikamtumia namba, bila neno. Kisha nikampigia mama harakaharaka, nimwahi kabla ya Shangazi, nimwambie asipokee, au apokee, sijui ningemwambia nini.

Simu ya mama ilikuwa inatumika.